Kutafuta ujumbe wa zamani kwa Kiswahili: WhatsApp, Telegram, na faili la maandishi linalozishinda zote mbili

Andika neno "kuku" kwenye kisanduku cha kutafutia cha WhatsApp ukiwa ndani ya kundi la wafugaji. Utaletewa kuku, ndiyo, lakini pamoja naye watakuja "kukuomba", "kukuuliza", "kukutana" na "kukupa pole". Programu imeambiwa ilete kila neno linaloanza na herufi hizo nne, nayo imeleta. Sasa andika "nunua", ukitaka kujua ni nani aliyesema vifaranga wazuri alivitoa wapi. Utapata "nunua" peke yake, yaani pale mtu alipomwelekeza mwenzake akanunue. "Nilinunua", "tumewanunua", "hajanunua", "walikonunua", yote hayo hayatatokea, ingawa yamo humo humo ndani ya simu yako.

Hizo ni pande mbili za tatizo moja, na ndilo kipimo cha mapitio haya. Tunaangalia vyombo vitatu ambavyo karibu kila mwenye simu anaweza kuvipata bila kulipia chochote: sehemu ya kutafutia ya WhatsApp, ile ya Telegram, na faili la maandishi linalotolewa kwenye programu hizo na kufunguliwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia kwenye kompyuta. Swali ni hili: mtu anayeishi na makundi yanayoongea Kiswahili, anaweza kukipata alichoandikiwa miezi mitatu iliyopita?

Kwanza sababu, maana ukiielewa utatafuta tofauti hata kama hutabadilisha programu. Programu za kutafuta huweka orodha ya maneno yote yaliyomo kwenye ujumbe, yakiwa yamepangwa kwa herufi za mwanzo kama daftari la majina. Kiingereza kinapatana na mpango huo kwa sababu maneno yake mengi hubadilika mkiani. Ukishika kichwa, mkia unajileta. Kiswahili hubadilika kichwani. Nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa hukaa mbele ya mzizi, halafu nyuma nako kuna -ia, -iwa, -isha na -e. Mzizi -nunu- umekaa katikati kama kokwa ndani ya embe. Watunga kamusi wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana hakuna anayelitafuta "tulimnunulia" kwenye herufi T. Simu hailijui. Kwake "tulimnunulia" ni neno la T, "anayenunua" ni la A, "hawakununua" ni la H, na hayana undugu wowote.

WhatsApp

Kutafuta ndani ya kundi moja ni rahisi kukufikia: kwenye Android gusa vidoti vitatu vya juu kulia, kisha "Search", kwenye iPhone gusa jina la kundi, kisha alama ya lenzi. Tatizo la Android ni kwamba hapo ndani huletewi orodha. Unarushwa kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine kwa mishale ya juu na chini, na kama neno limetajwa mara 150, utachoka kabla hujafika. Kwa hiyo neno lenye matokeo mengi usilitafutie ndani ya kundi. Rudi ukurasa wa kwanza wenye orodha ya mazungumzo yote na utafutie pale. Matokeo huja yamepangwa mstari kwa mstari, kila mmoja na jina la kundi, tarehe na kipande cha ujumbe, na macho yanaweza kuyapitia upesi.

Ukurasa huo wa kwanza una jambo jingine ambalo wengi hawaligusi: vichujio. Ukigusa sehemu ya kutafutia utaona picha, video, viungo, nyaraka, sauti na kadhalika. Chagua kimoja kwanza, halafu ndipo uandike neno. Ukichagua nyaraka na kuandika "ratiba", WhatsApp itaangalia majina ya mafaili, na faili la PDF lililotumwa mwaka jana litatokea mara moja. Ndiyo maana faili linaloitwa "Scan0012" halipatikani kamwe. Anayelituma alipatie jina la Kiswahili kinachoeleweka kabla ya kulituma. Kazi ya sekunde kumi inayowasaidia watu mia.

Kuna pia kalenda. Ukiwa unatafuta ndani ya mazungumzo, gusa alama ya kalenda uruke hadi tarehe unayoitaka. Android iliipata mwaka 2024, baada ya iPhone na kompyuta. Kwa mtafutaji wa Kiswahili kalenda ni msaada mkubwa kuliko kisanduku chenyewe, maana kalenda haijali viambishi. Kama unakumbuka kwamba mjadala ulifanyika wiki ya Idi, au mara tu shule zilipofungwa, ruka hadi hapo na usome kuteremka chini. Kusoma ujumbe mia moja kwa mfululizo huchukua dakika chache. Kubahatisha maneno ishirini huchukua nusu saa na huenda usipate kitu.

Sifa kubwa ya WhatsApp ni kwamba inatafuta bila bando. Ujumbe umesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016, seva hazina uwezo wa kuusoma, basi kazi yote inafanyika ndani ya simu yako. Ukiwa kijijini ambako mtandao unasuasua, utatafuta vilevile. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo mipaka yake: kisichomo ndani ya simu hakipatikani. Umebadilisha simu bila kurejesha nakala iliyohifadhiwa? Hakuna cha kutafuta. Umejiunga na kundi mwezi huu? Kwa kawaida huoni waliyoongea mwezi jana. Kundi limewashiwa ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90? Baada ya muda huo hakuna hila itakayourudisha. Mazungumzo uliyoyafungia kwa siri hayatokei kwenye utafutaji wa jumla. Na ukitafuta kwenye kompyuta iliyounganishwa, fahamu kwamba kompyuta hupewa sehemu ya karibuni tu ya historia. Ujumbe wa miaka miwili nyuma utafute kwenye simu yenyewe kabla hujasema haupo.

Kinachokosekana kabisa ni kumchagua mtumaji. Ndani ya kundi la watu 600 huwezi kuiambia WhatsApp ikuletee maneno ya daktari wa mifugo peke yake. Kwa makundi ya elimu na ushauri, huu ni upungufu mzito.

Maneno ya kuandika

Hapa ndipo penye faida kubwa, na kanuni zake zinafanya kazi kwenye programu zote.

Acha vitenzi. Tafuta kwa nomino, na kati ya nomino anza na zile za ngeli ya I-ZI: chanjo, dawa, dozi, bei, risiti, mbegu, mbolea, pampu, nauli, kodi. Hizi ni zile zile kwenye umoja na wingi, na hata zikiongezewa -ni ya mahali mwanzo wake haubadiliki: "nyumba" italeta na "nyumbani", "barabara" italeta na "barabarani". Badala ya kuandika "nilichanja" au "kuchanja", andika "chanjo". Bora zaidi, andika "chanj" bila kumalizia, ukusanye "chanjo" na "chanja" kwa mkupuo mmoja. "Kuchanja" na "nimewachanja" zitakukwepa, lakini ni nadra mtu aeleze uchanjaji bila kuitaja chanjo yenyewe mahali fulani.

Ngeli nyingine nyingi hudai utafute mara mbili: kifaranga na vifaranga, kiwanja na viwanja, mkopo na mikopo, yai na mayai, banda na mabanda. Angalia sana maneno yanayobadilika sura nzima, kama jicho na macho. Anayetafuta maelezo ya chanjo ya matone ataandika "jicho" na kupata "jichoni", lakini aliyeandika "wadondoshee machoni" hatamwona.

Vivumishi vinavyopokea viambishi ni mtego. "Nzuri" haitaleta mzuri, kizuri, mazuri wala vizuri. Vile visivyobadilika vinakaa mahali pamoja na vinashikika: ghali, rahisi, safi, bora, laini, hodari. Ukitafuta malalamiko ya bei, "ghali" itakuzalia matokeo kuliko neno lolote la kulaumu.

Andika maneno mawili yaliyo mbalimbali, si sentensi. WhatsApp ikipewa maneno mawili hutafuta ujumbe wenye yote mawili, hata kama hayakufuatana. Alama za kunukuu haziongezi kitu. "Dozi vifaranga" ni swali zuri. "Dozi ya vifaranga wa wiki mbili ni ngapi" ni swali la kumuuliza mtu. Programu itadai kila neno liwemo, na hakuna aliyejibu kwa maneno yako yote. Njia hii pia ndiyo inayomwondoa "kukuomba" kwenye matokeo ya kuku: andika "kuku chanjo", na wanaokuomba radhi watapungua wenyewe.

Kitu kimoja kina majina mengi, na makundi yetu yana watu wa kila pembe. Ugonjwa ule ule wa kuku, mtu mmoja ataandika kideri, mwingine mdondo, mwingine Newcastle, na wa nne ataiandika Newcastle kama anavyoitamka. Mtanzania anaandika umeme pale Mkenya anapoandika stima. Kabla hujatafuta, andika kwenye karatasi majina yote unayoyajua ya kitu hicho, uyapitie moja moja. Wanaokata tamaa mapema wengi wao walijaribu jina moja tu.

Pesa nazo zinataka subira. Elfu hamsini inaandikwa 50,000, 50000, 50k, 50,000/=, "elfu hamsini" na "hamsini" kavu. Kwenye mazungumzo ya Tanzania utakutana na buku kwa maana ya 1,000 na msimbazi kwa maana ya 10,000; kwa Wakenya soo ni 100, na thao au ngiri ni 1,000. Mkato wa katikati huikata tarakimu vipande viwili, hivyo 50000 haitaleta 50,000. Andika "50" na nomino ya kitu chenyewe: "50 vifaranga". Ndivyo ilivyo pia kwa M-Pesa na Mpesa: kwa programu ni maneno tofauti, tafuta yote.

Mwisho wa sehemu hii ni tahajia za mitaani. Wanaodondosha h huandika "ela" na "apa". Dh huwa z, "tafazali". Vijana huweka x mahali pa s, "xaxa". Ukiwa na neno lenye h, dh, th, gh, r au l, jaribu na sura yake ya pili. Kama kuna jina la dawa, la kampuni au la mji kwenye habari unayoitafuta, anza na hilo kabla ya yote. Majina hayavai viambishi.

Telegram

Telegram imejengwa kinyume na WhatsApp. Ujumbe wa kawaida unakaa kwenye seva zao, si kwenye simu yako, na kundi linaweza kubeba watu hadi 200,000. Kwa mtafutaji maana yake ni tatu. Ukibadilisha simu hupotezi kitu. Mgeni aliyejiunga leo anaweza kutafuta ujumbe wa miaka iliyopita, mradi kundi ni la wazi au admini ameiacha historia ionekane kwa wanachama wapya. Na tatu, utahitaji mtandao: bando likiisha, historia ndefu haikufikii.

Hapa kuna kile ambacho WhatsApp haina. Fungua kundi, gusa vidoti vitatu, "Search", halafu angalia alama ya mtu iliyo pembeni ya kalenda. Iguse, chagua mwanachama, kisha andika neno. Utaletewa maneno ya mtu huyo pekee. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F ukiwa ndani ya kundi na alama ile ile itatokea. Tunaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko jingine lolote ndani ya Telegram, kwa sababu linalipita tatizo la viambishi kwa mlango mwingine: kama unamjua mtaalamu wa kundi, huhitaji kubahatisha alitumia kitenzi gani. Mchague yeye, andika nomino moja, au usiandike neno lolote, upitie ujumbe wake mmoja baada ya mwingine.

Alama ya reli nayo inafanya kazi kweli. Admini akiandika #chanjo mwishoni mwa kila ujumbe wa maana, mwanachama anaigusa tu na ujumbe wote wenye alama hiyo unajipanga. Kwa lugha yetu hii ni dawa hasa: #chanjo itabaki #chanjo hata kama sentensi iliyotangulia inasema "tuliwachanjia" au "hawajachanjwa". Sharti ni moja, alama ziwe chache na zisibadilike. Kundi lenye #chanjo, #Machanjo na #chanjoyakuku kwa pamoja limejirudisha lilikotoka. Alama kumi zilizobandikwa juu ya kundi zinatosha shughuli nyingi. Na tangu 2022 admini anaweza kuligawa kundi kwa mada, kila mada na chumba chake. Ukitafutia ndani ya chumba cha masoko, gumzo la salamu haliingii.

Kwa matangazo ya njia za wazi (channel) kuna mlango wa pembeni usiohitaji hata akaunti: kwenye kivinjari andika t.me/s/ ikifuatiwa na jina la njia, na ukurasa utafunguka ukiwa na kisanduku chake cha kutafutia. Makundi hayafunguki hivyo, ni njia za matangazo tu.

Pamoja na yote, Telegram nayo haichungulii katikati ya neno. "Nunu" haitamfikia "mnunuzi". Kanuni zote za maneno zilizotajwa juu zinabaki vilevile.

Faili la maandishi

Hiki ndicho chombo tunachokipa alama za juu, ingawa hakina uzuri wowote wa kuonekana. Programu ya kuandikia haina orodha ya maneno. Inapita herufi kwa herufi, kwa hiyo ukiandika "nunu" inasimama kwenye kila mahali palipo na herufi hizo, ziwe mwanzo, katikati au mwisho: nilinunua, atakayenunua, mnunuzi, manunuzi, zimenunuliwa. Kwa mara ya kwanza unatafuta kwa mzizi, kama lugha yenyewe inavyotaka.

WhatsApp: fungua kundi, vidoti vitatu, "More", "Export chat". Kwenye iPhone gusa jina la kundi uteremke hadi chini. Ukiulizwa kuhusu picha na video, zikatae. Bila hizo WhatsApp hutoa hadi ujumbe 40,000 wa karibuni. Ukizichukua, kikomo hushuka hadi 10,000 na faili huwa zito bila sababu. Piga hesabu ya kundi lako: likiwa na ujumbe 200 kwa siku, 40,000 ni siku 200. Hivyo anayetaka kumbukumbu kamili atoe faili kila baada ya miezi sita na kuliandikia tarehe kwenye jina. Maandishi matupu ya kiasi hicho ni megabaiti chache tu. Yatume kwenye kompyuta yako au kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Kama admini amewasha ulinzi wa ziada wa faragha uliokuja 2025, kutoa faili hakutawezekana, na uamuzi huo uheshimiwe.

Telegram: tumia Telegram Desktop kwenye kompyuta, maana simu haitoi. Fungua kundi, vidoti vitatu, "Export chat history", ondoa alama kwenye picha, weka tarehe ya kuanzia na kuishia. Ukiulizwa aina ya faili, chagua JSON. Ile ya HTML inasomeka vizuri zaidi, lakini hukatwa vipande vya ujumbe elfu moja moja, na utalazimika kutafuta kwenye kila kipande. JSON ni faili moja.

Notepad ya Windows inatosha kwa kuanzia. Lakini pakua Notepad++, ni ya bure, fungua dirisha la kutafuta na uchague "Regular expression", yaani kutafuta kwa ruwaza ya herufi na alama. Sasa unaweza kumwambia mtafutaji mambo ambayo kisanduku cha simu hakiyaelewi:

[kv]iwanja hushika kiwanja na viwanja kwa pamoja.
(kideri|mdondo|newcas) hushika majina matatu ya ugonjwa mmoja.
50[.,]?000 hushika 50000, 50,000 na 50.000.
\bkuku\b hushika kuku peke yake na kuwaacha nje "kukuomba" na "kukutana" wote.
nunu[lz] huacha vitenzi vya kawaida na kuleta nunuliwa, nunulia, mnunuzi, ununuzi.

Bonyeza "Find All in Current Document", na chini itajipanga orodha ya mistari yote. Ukibofya mstari unapelekwa mahali pake. Usisome mstari peke yake. Ujumbe mrefu wenye aya kadhaa huandikwa kwa mistari mingi, na tarehe na jina la mtumaji huwa kwenye mstari wa kwanza tu. Panda juu hadi uone jina, halafu teremka usome majibu kumi yaliyofuata, maana mara nyingi jibu la kwanza ndilo lililosahihishwa na la nne.

Makosa mawili yanajirudia. Tarehe hufuata mpangilio wa simu iliyotoa faili: 04/03 yaweza kuwa tarehe 4 Machi au 3 Aprili. Tafuta tarehe iliyovuka 12 kwanza, kwa mfano 25, uone inakaa wapi. La pili ni saa. Simu nyingi zetu huandika saa ya kimataifa, lakini watu huongea saa ya Kiswahili. Aliyekwambia "nilituma saa mbili usiku" mtafute kwenye 20, si kwenye 2.

Faili hili lina majina, namba na maneno ya watu waliozungumza wakijua wako kundini. Liweke kwenye kompyuta au hifadhi yako mwenyewe, usilisambaze, na usipolihitaji tena lifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Lakini hata bila sheria, aliyeeleza ugonjwa wa mwanawe kundini hakulieleza kwa ajili ya faili linalozunguka.

Kama tutatoa alama kwa kigezo cha Kiswahili: WhatsApp 5 kati ya 10, kwa kutafuta bila bando na kwa kalenda yake. Telegram 7, kwa mtumaji na alama za reli. Faili la maandishi 9. Moja limepunguzwa kwa sababu linataka kompyuta na halijisasishi.

Kuna vitu ambavyo hakuna kati ya vitatu hivi kinachovipata: voisi na picha za maandishi. WhatsApp ilianza kugeuza voisi kuwa maandishi mwishoni mwa 2024, lakini lugha zilizoanza nazo hazikuwa na Kiswahili. Kwa picha kuna ahueni: Google Photos husoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, risiti au tangazo la bei lililopigwa picha vizuri linaweza kupatikana kwa kuandika neno lililomo. Kwa voisi njia ni ya mkono: anayetuma, au admini, aijibu voisi ile ile kwa mstari mmoja wa nomino tupu, kwa mfano "chanjo kideri dozi vifaranga 200". Atakayetafuta mwakani ataupata mstari huo, atagusa ujumbe uliojibiwa, na voisi yenyewe itafunguka.